CV ya marangi yenye inaharibikia njiani: dalili, sababu na dawa

Niko na sekretaria ndogo huku Nyawera, Bukavu, kompyuta mbili, imprimanti moja ya wino mweusi na moja ya rangi yenye ikianza kazi inalia kama mbuzi. Kila wiki minaona shida zile zile. Kijana amekesha ku simu anapanga CV yake, maduara, mistari, nyota tano za "esprit d'équipe", asubui anakuja mbio: yaya, nitoshee tu page moja, ofa ya kazi inafungwa leo saa kumi. Mi namutoshea. Anaangalia karatasi. Ananyamaza.

Mi siyo adui wa CV ya kupambwa, nazitengeneza mwenyewe na zingine nazipenda kabisa. Ila CV ni kitu cha kusafiri: inatoka mu simu yako, inaingia mu simu ya RH, yaani mwenye kuchagua watu wa kuandika kazi, inapita ku imprimanti ya biro yao, pengine ku mashine yenye inasoma dosie mbele ya mutu, kisha inaanguka mu mikono ya sefu mwenye ameshasoma zingine sitini na anataka kwenda kula. Karibu shida zote za hapa chini zinatoka ku kusahau hiyo safari, mutu anapimia uzuri ku skrini yake tu, basi.

Tafuta dalili yenye inafanana na yako. Mu kila dalili nimeanza na sababu yenye minaona sana, kisha zenye zinatokea mara moja moja, kwa hiyo usiruke ku ya mwisho juu tu inaonekana ya kitaalamu.

DALILI: kwako imekaa vizuri, kwa mwingine imetawanyika

Mistari imeruka, foto imepanda juu ya jina, page moja imekuwa mbili, na ku page ya pili kumebakia tu ile mustari ya "najua ku heshima yangu kama haya yote ni kweli" na sinyatire. Hiyo ya sinyatire kubaki yatima minaiona karibu kila siku.

Sababu ya kwanza kabisa: umetuma fishe ya Word. Word kwa kawaida haibebi maumbo ya herufi pamoja na fishe, inabeba majina yao tu. Wee umechagua fonti ya urembo, kompyuta ya RH haina, inaweka ingine yenye upana tofauti, na pale njo kila kitu kinasukumana. Cheki ni rahisi: jitumie hiyo CV, kisha omba simu ya mutu mwingine uifungue mule. Siyo simu yako, juu simu yako inakujua. Dawa ni kuiweka PDF. Kama ofa inataka Word kwa lazima, na ziko zenye zinataka, basi tumia fonti za kawaida kama Arial, Times New Roman ao Georgia na uache urembo mwingine wote.

Sababu ya pili ni ile ya kupanga maneno kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi mpaka tarehe ifike upande wa kuume. Mu Word kuna kale ka kifungo ka ¶, ukibonyeza nafasi zote zinaonekana kama nukta. Ukiona nukta zimejipanga kama siafu kuvuka barabara, umepata mugonjwa wako. Futa zote, tumia tabulasio, ao chora tablo ya safu mbili kisha ondoa mistari yake. Inaomba dakika kumi hivi.

Mara chache ni foto ao kisanduku chenye "kinaelea". Kilifungwa ku paragrafu fulani, hiyo paragrafu ikihama nacho kinahama. Bonyeza ku foto, chagua ikae ndani ya mustari wa maandishi, haitacheza tena.

Simama hapa: kama fishe ya mwanzo imepotea na umebaki na PDF tu, usikimbilie ku masaiti ya bure yenye yanasema yanageuza PDF kuwa Word. Moja, inarudi imevunjika kupita mbele. Mbili, umeacha jina, namba, adresi na pengine diploma yako ku kompyuta ya mutu humujui. Andika upya, ao leta kwa mwenye kuandika.

DALILI: ku karatasi imetoka mbaya

Hapa nitakaa kidogo juu njo fundi yangu.

Maandishi yamefifia ao yamepotea. Mwaka uliopita dada mmoja wa lojistike alileta CV nzuri sana, juu bande ya manjano, jina lake kwa herufi nyeupe ndani ya hiyo manjano. Ku simu ilikuwa inang'aa. Alituma kwa imeli, organizasio fulani ikaitosha ku imprimanti yao ya nyeusi tupu. Siku ya tesiti akakuta dosie yake mbele ya sefu haina jina. Aliniambia hiyo maneno akicheka lakini siyo kicheko ya furaha.

Sababu yake ni hii: mashine ikigeuza rangi kuwa kijivu kwa kawaida haizichukui sawasawa, kijani inabeba uzito mkubwa, karibu 59 kwa mia, nyekundu 30, bluu 11. Manjano ya skrini ni nyekundu na kijani pamoja, kwa hiyo inabaki karibu nyeupe. Bluu ya giza inakuwa karibu nyeusi. Na nyekundu na kijani zenye mwanga sawa zinatoka kijivu moja, kama ulizitumia kutofautisha kazi na masomo, tofauti imekufa. Cheki mbele ya kutuma: piga skrini foto, ingia ku filtre ya simu, weka nyeusi-nyeupe. Kile hausomi pale, RH naye hatakisoma. Dawa: maneno kila mara yawe giza juu ya mwanga ao nyeupe juu ya giza la kweli, manjano na chungwa ziache ku mapambo tu.

Pembeni pamekatwa. Sababu ya kawaida ni karatasi. Modeli mingi za ku intaneti zimetengenezwa kwa karatasi ya Marekani, Letter, 216 kwa 279 mm. Sisi tuko na A4, 210 kwa 297. Letter ni pana kupita A4 na fupi kuliko yake, kwa hiyo ukiitosha kwa kipimo chake pembeni panakatwa na chini panabaki uwazi wa bule. Anza kazi na A4 tangu mwanzo, kubadilisha mwishoni inavuruga kila kitu. Sababu ya pili: imprimanti za biro haziwezi kuweka wino mpaka ku ukingo, zinaacha milimeta chache pande zote. Ile bande yako yenye inagusa ukingo itatoka na fremu nyeupe isiyo sawa. Acha angalau sentimeta moja pande zote na maneno hayatakatwa.

Karatasi imekuwa na mawimbi, imelowa, ao rangi ina mistari mistari. Umeweka giza page nzima. Karatasi ya gramu 80 yenye sisi bote tunatumia haibebi wino mwingi hivyo, ku imprimanti ya jeti, yenye kurusha wino wa maji, inalowa na kujikunja, ku ya laser wino unapasuka pale unakunja ili iingie mu anvelope. Na Bukavu mvua ni tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano, wino wa jeti mwingi ukiguswa na tone moja unalia. Mi nawaambia wateja: giza lisipite bande moja, na dosie ya mukono ibebwe mu farde ya plastiki, tafazali.

Rangi haifanani na ya simu. Hapa hakuna kosa lako. Skrini inachanganya mwanga, nyekundu kijani bluu. Imprimanti inachanganya wino, na kuna kijani na bluu kali zenye wino haiwezi kufikia. Usikae kutosha page kumi ukitafuta ile kijani, utamaliza makuta. Kama kweli unataka kazi ya rangi ya kufika ukingo, karatasi nene, ya kukunjwa kama kitabu kidogo, hapa sekretaria inaishia: enda ku imprimeri ya kweli, na mbele ya kwenda uliza banataka ziada ya ngapi pembeni ya kukata. Kawaida ni milimeta 3, lakini uliza bo wenyewe.

DALILI: umeiweka ku portali, imesoma takataka

Umepakia CV ku portali, yaani saiti ya kuombea kazi, saiti inajaza fomu yenyewe, na ku jina inaandika "Kadutu", komine yako, ku kazi ya mwisho inaandika "Swahili". Ao haijazi kitu kabisa. Wengine hawaoni hata dalili, dosie inalala mule na haionekani mutu akitafuta neno "comptable".

Kuna tesiti moja tu ya kufanya na haiombi makuta. Fungua PDF, chagua maandishi yote, kopia, bandika ku mesaji ya WhatsApp ujitumie mwenyewe. Kile unaona pale ni karibu na kile mashine inaona. Hakuna rangi, hakuna safu, hakuna foto.

Kama hakuna kitu kilichokopiwa, CV yako ni picha. Njo sababu ya kwanza na minaikuta sana kwa watoto wa Canva, ile programu ya kupambia: ametosha JPG kisha akaigeuza PDF, ao mu kuteremsha amebonyeza "aplatir" (kugandisha yote kuwa picha moja), ao ameitosha ku karatasi kisha akaiskani na simu. Kwa jicho iko sawa, kwa mashine ni kama foto ya ukuta. Rudi ku fishe ya mwanzo, teremsha PDF bila kuiflati.

Kama maneno yametoka lakini yamechanganyika, ni safu mbili. Mashine zingine zinasoma kutoka kushoto mpaka kuume, zinavuka ukuta wa safu bila hodi, kwa hiyo kazi yako ya 2019 inaunganishwa na luga na namba ya simu. Zingine zinafuata mpango wenye ulitumia kuweka vitu, kile uliweka mwisho kinasomwa mwisho ata kama kiko juu kabisa. Dawa ya haraka: safu moja kwa mambo mazito, na kama unapenda sana safu ya pembeni weka mule vitu vyenye vikipotea haulii.

Kama kila kitu kiko ila simu na imeli hazipo, uliziweka ku kichwa cha page ao mu kisanduku. Word inahifadhi hivyo mbali na maandishi yenyewe na mashine mingi hazifiki kule. Zilete chini ya jina, maandishi ya kawaida. Na ile alama ndogo ya simu, ya bahasha, ya nyumba, iache kama pambo lakini andika pia "Tél." pembeni yake.

Sasa yenye ni nadra lakini ikikupata utafikiri umelogwa: neno linatoka na shimo. "Certi cat", "of cier", " nances". Fonti zingine za urembo zinaunganisha f na i kuwa umbo moja, na ukikopia lile umbo linapotea. Kwa mwenye anaomba kazi ya officier de finances, hayo ni maafa. Badilisha fonti. Binamu yake ni yule mwenye anaandika C O M P T A B L E na nafasi kati ya kila herufi ili ipendeze: mashine inasoma herufi tisa, haisomi kazi. Kila programu iko na kifungo cha kutanua herufi, tumia hicho.

Mi kwa wateja wangu natengeneza mbili. Moja ya kupambwa, ya kutuma kwa imeli ya mutu ao kupeleka kwa mukono. Ingine kavu, safu moja, nyeusi, kwa portali. Mambo ndani ni yale yale, tarehe zile zile, usidanganye moja na kusema kweli ingine juu siku moja zitakutana ku meza moja.

Na kama unaomba kazi ya Umoja wa Mataifa yenye inapita ku Inspira, saiti yao ya kuombea kazi, pale usisumbuke na urembo: unajaza profili yako mu fomu yao, shamba kwa shamba, na hiyo fomu njo wanahesabu. Nimeona mutu anatumia siku mbili ku rangi, kisha fomu yenyewe anaijaza usiku wa mwisho na umeme wa SNEL ukikatika katikati.

DALILI: foto inakuhukumu

Sura imekuwa nyeusi kama kivuli. Ulisimama mbele ya ukuta mweupe ao nyuma yako kuna dirisha, kamera ikapima mwanga wa ukuta ikapunguza kila kitu, sura ya mutu mweusi ikalipa. Geuka, dirisha liwe mbele yako, gusa uso ku skrini ili simu ipime pale, pandisha mwanga kidogo. Saa sita ya jua kali hapana, inakuwekea mashimo ku macho.

Sura imepanuka kama chapati: umevuta foto kwa upande mmoja. Vuta kwa kona. Ya pasipoti mingi ni 35 kwa 45 mm, kwa kutosha vizuri inaomba karibu piksele 413 kwa 531, hakuna haja ya kuweka foto nzima ya simu ya megabaiti tano mu kaduara ka sentimeta tatu.

Bega la mutu mwingine linaonekana, yaani umejikata mu foto ya harusi. Tunalijua, na RH pia analijua.

Filtre ya kulainisha ngozi: siku ya tesiti muzamu anaangalia foto, anakuangalia, anaangalia foto. Acha.

Na kama ofa inasema foto haihitajiki, usiiweke.

DALILI: CV yako ni nzuri lakini ni sawa na ya wengine ishirini

Ile modeli ya safu ya bluu giza kushoto, foto ya duara juu, chini mabara ya "Français 90%", "Leadership 85%". Nimeitosha mara ngapi sijui. Canva ilianza 2013 kule Australia na kweli imesaidia watu, mi mwenyewe naitumia, lakini modeli ya bure ni kama kitenge ya soko: ukivaa juu ya harusi utakutana nayo.

Sababu kubwa ni kuanza na modeli mbele ya kuanza na kazi. Cheki: funika jina na foto kwa mukono, pita nayo kwa mutu wa barabarani, muulize huyu anafanya kazi gani. Kama anasema "sijui, ya biro", pambo lako halisemi kitu.

Mabara ya asilimia njo sababu ya pili. Kifaransa 90 kwa mia ya nini? Nani alipima? Kwa luga kuna kipimo cha Baraza la Ulaya, kilitoka 2001, A1 mpaka C2, kila RH wa organizasio anakijua. Kwa mengine weka kitu cha kuonekana: "nilisimamia stoki ya madawa ya vituo vinane" inapita nyota tano.

Sasa tuseme unataka kubuni kweli. Nitakupa zenye nimeona zikifanya kazi na zenye zimekufa.

Chofa mmoja, muzee wa makamo, alikuwa na CV ya mistari minne tu, "conduite véhicule, conduite camion". Tulikaa naye tukaongea. Kumbe anajua RN5 ya kushuka Kamanyola mpaka Uvira, RN2 ya Kalehe na Minova kwenda Goma, RN3 ya Miti na Bunyakiri, mvua na kiangazi. Tukachora upande wa kushoto ramani ndogo ya Kivu ya Kusini, mistari tu, hizo barabara tatu kwa weusi mnene, na pembeni ya kila moja miaka na aina ya gari. Rangi hakuna. Ku fotokopi ya fotokopi inasomeka. Minaona ile CV njo kazi yangu nzuri kupita zote, na haina hata kivuli kimoja.

Mushonaji mwingine aliweka CV yake kama patron ya kukata nguo, mistari ya nukta nukta inagawa sehemu, ku kila kipande kuna kazi moja na vitambaa alishona. Ilikubali, juu mwenye kumuandika alikuwa mwenye ateliye, luga yao ni moja. Ile ile ungeipeleka ku benki ingecheka watu.

Kuna wazo la mukono. Bukavu bote tunaichora kama mukono wenye vidole vitano umeingia mu ziwa, hizo penensile zetu tano, na kijana mmoja aliweka uwezo wake mutano ku kila kidole. Nzuri, ya hapa, haikutoka ku modeli ya mutu. Kosa lake lilikuwa kuandika maneno yakifuata kidole, yamelala, yamepanda, ukisoma paka ugeuze kichwa. Tukayatoa, mukono ukabaki mudogo juu ya page kama alama, maneno yakarudi ku mustari. Hii njo kosa la watu wenye mawazo mazuri: wazo linakuwa bosi, maneno yanakuwa boyi.

Na yule mkaguzi wa hesabu mwenye alifanya CV kama bilan ya OHADA, ile tablo ya hesabu ya kampuni: kushoto aktif (vyenye iko navyo), kuume pasif (kwenye madeni yanaandikwa). Aktif aliweka uwezo na uzoefu. Pasif akaweka walimu na mabosi wenye walimufundisha, yaani wenye anawadai... hapana, wenye wanamudai. Mi nilicheka peke yangu mu biro, ni akili kabisa. Lakini nilimuambia ukweli: RH asiye wa hesabu ataona neno pasif pembeni ya jina lako na atafikiri uko na madeni. Alituma kwa kabineti ya hesabu tu, kwa wengine akatuma ya kavu.

Kipimo changu: wazo moja ku page moja, na hilo wazo litoke mu kazi yenyewe. Ukiwa na mawili, la pili ni la CV ya mwaka kesho. Kitenge ku ukingo juu unapenda kitenge, sawa, bande nyembamba haiui mutu, ila kama haiongei na kazi yako ni pambo tu, usiseme ni ubunifu.

DALILI: kode ya QR haisomeki

Ni ndogo sana (isipungue sentimeta 2), ao umeipaka rangi, ao umeiweka juu ya foto bila nafasi nyeupe pembeni. Nyeusi juu ya nyeupe, basi. Kama mwezi jana ilisoma na leo hapana, uliitengeneza ku saiti yenye inatoa kode za kupitia kwao, muda wa bure umeisha wakaifunga. Tengeneza yenye inabeba linki yako moja kwa moja. Na andika linki kwa maneno pia, mwenye karatasi hana kila mara simu mu mukono.

DALILI: fishe ni nzito, ao haifunguki

Nzito: foto, karibu kila mara, ao diploma umeziskani kwa rangi kama picha za harusi. Punguza foto mbele ya kuiweka, skani diploma kwa kijivu. Gmail inakubali mpaka MB 25 lakini usijifurahishe na hiyo, mwenye kufungua pengine anatumia mega zake mwenyewe, jaribu isipite MB 2. WhatsApp: tuma kama dokima, siyo kama foto, foto inabanwa na herufi zinakuwa ukungu. Haifunguki: mara mingi konekisio ilikatika katikati ya kutuma, ao fishe inaishia na jina la Canva bila ".pdf". Tuma tena, fungua mwenyewe ile umetuma.

Ukiona alama za maji juu ya picha, yaani maandishi hafifu yenye yanaivuka, umetumia kipambo cha kulipia bila kulipa. Kibadilishe. Usikifute kwa ujanja, kwa mutu anayeomba kazi ya grafisti hiyo ni aibu mara mbili.

DALILI: yote iko sawa, lakini simu hailie

Hapa nitakuambia kitu chenye hakinilipi: pengine CV haina shida ya urembo hata moja, na ukinilipa nibadilishe rangi nitakuwa nakula makuta yako bule.

Anza na namba. Piga namba yenye iko ku CV, sasa hivi. Nimekuta watu wenye laini yao ilikufa tangu miezi. Imeli nayo, herufi moja imekosa. Kisha kichwa cha imeli: ofa ilisema uandike referansi fulani, wee umeandika "demande d'emploi", imelala mu fungu lingine. Jina la fishe: "CV final final 3 bon" kati ya fishe mia mbili ni nani? Andika jina lako na cheo.

Kisha soma ofa tena na CV pembeni. Kama bo wanaomba miaka mitano ya kufuatilia miradi na wee umeandika miwili na staji, hakuna duara lenye litajaza. Kama uko nayo lakini imefichwa mu kisanduku cha chini kwa herufi za 8, ipandishe juu, herufi 10 ao 11.

Kisha makosa ya Kifaransa. Mpe mwalimu wa Kifaransa, siyo rafiki yako mwenye ataogopa kukukosoa.

Simama kabisa mu hizi: mutu anakuomba makuta ili dosie "ipite". Umoja wa Mataifa wanasema wazi hawaombi malipo yoyote mu hatua yoyote ya kuandika watu, na wengine wa kweli nao ni vile. Funga mazungumzo, usitume kitambulisho, na kama ushatuma pesa enda polisi ao kwa avoka, siyo kwangu. Ya pili: mutu anakuambia tuongeze diploma kidogo, tarehe kidogo. Wameshaniomba. Mi nafunga kompyuta, naenda kunywa chai. Ya tatu: namba ya karte ya electeur, jina la baba na mama, namba ya akaunti, hizo hazina kazi ku CV, kama ofa inaziomba tangu mwanzo uliza kwanza mbele ya kujaza.

Na ukimaliza ku siberi ao hapa kwangu, toka ku Gmail yako, futa fishe mu "Téléchargements" kisha mu korbeyi. Juzi nimesafisha kompyuta yangu, nimekuta diploma za watu kumi na mmoja ku skrini ya mbele, na mmoja wao aliacha imeli imefunguka.